Safari ya Misali, Kisiwa cha Msala

Katika pwani ya magharibi ya Pemba, upande wa Chake Chake, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Hakina mji wala mashamba. Kina msitu, mikoko, mchanga mweupe, na madago ya wavuvi wajao na kuondoka. Wenyeji husimulia kuwa Nabii Khidhri, ambaye wao humwita Hadhara, alifika hapo zamani akawaomba wavuvi msala apate kusali. Wavuvi hawakuwa nao. Basi akasema kuwa kisiwa chenyewe, kwa namna kilivyoelekea Kibla, ndicho kitakachokuwa msala wake. Na jina la Misali, wasema, latokana na hayo. Haya ni masimulizi ya wazee, nasi twayapokea kama masimulizi ya wazee. Lakini ndiyo yaliyonipa hamu ya kuwachukua wanangu wawili, binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 7, wakakione kisiwa hicho siku za likizo.

Tulipanda mashua ya mashine katika bandari ya Wesha asubuhi mapema, na bahari ilikuwa shwari. Nahodha wetu alikuwa mtu wa makamo, mchache wa maneno. Tulipokwisha kuiacha bandari nyuma, nikamaliza maji yaliyokuwa katika chupa yangu ya plastiki, na ile chupa tupu nikaitupa baharini pasipo kufikiri, kama nilivyozoea tangu ujana wangu. Mwanangu mdogo alikuwa akila biskuti. Mara naye akaitupa karatasi yake ya nailoni. Nikamgeukia kwa ukali, nikamwambia, “Ala! Nani aliyekufundisha tabia hiyo?” Akanitazama, akasema kwa sauti ndogo, “Baba, si wewe umetupa chupa sasa hivi?”

Ndugu msomaji, sikuwa na jawabu. Nahodha hakunena neno. Aligeuza mashua, akarudi nyuma, akaiopoa chupa kwa ncha ya kafi, akaiweka miguuni pangu. Karatasi ya biskuti tuliitafuta tusiione. Ndipo aliposema, “Bwana, ya chupa yamekwisha. Hiyo nyingine imekwenda zake, na huko ilikokwenda hatukujui.”

Tulipofika Misali, mzee mmoja wa dago alitukaribisha kivulini, akawaeleza watoto habari za kisiwa. Aliwaambia kuwa kasa na ng'amba hupanda mchangani usiku kuja kutaga, na makinda yao yaangukapo hutambaa kuelekea majini. Binti yangu akauliza, “Babu, nailoni yamdhuru nini kasa?” Mzee akajibu, “Mjukuu wangu, kasa hula konyeza. Mfuko ukielea majini hufanana na konyeza, naye huumeza. Tumbo hujaa kitu kisichosagika, akakosa nafasi ya chakula, akafa.”

Aliyosema ni kweli. Plastiki haiozi kama ganda la ndizi au kumbi la nazi. Jua na mawimbi huikatakata hata ikawa chembe ndogo mno, na chembe hizo huliwa na samaki, na samaki twawala sisi. Basi atupaye baharini asidhani kuwa ameondosha. Amehamisha tu, na huenda alichokihamisha kikamrudia mezani kwake.

Kisiwa hiki kina mafunzo mengine makubwa. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ilikitangaza Misali na bahari iliyokizunguka kuwa eneo la hifadhi. Wakati huo baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa njia za kuharibu matumbawe, hata kwa baruti. Katika miaka iliyofuata, mbali na sheria na doria, mashekhe na wavuvi waliketi pamoja wakaikumbushana Kurani: kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi wala si mwenye mali, kwamba viumbe vimewekwa kwa mizani, na kwamba israfu na ufisadi vimekatazwa. Askari wa doria hawezi kuwapo kila mahali, lakini amchaye Mungu hujua kuwa aonekana hata akiwa peke yake katikati ya bahari.

Jioni maji yalipokupwa, watoto waliomba pakacha wakaokota taka ufukoni. Walipata ndala, vifuniko vya chupa, vipande vya nyavu na kamba za nailoni. Baadhi zililetwa na pepo na mikondo kutoka mbali, bali nyingine ni zetu: hutoka sokoni, zikaingia mtaroni, na mvua ikazifikisha baharini. Tanzania Bara ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia. Lakini chupa na ndala zingali zipo, na sheria haimfuati mtu ndani ya mashua.

Wazazi wenzangu, twafunzwa kuwa kuondoa njiani kile kinachoudhi watu ni sadaka, nayo ni katika tanzu za imani. Bahari nayo ni njia ya vyombo na ya viumbe. Hivyo yatupasa tuwazoeze watoto mambo yaliyo mepesi: waendapo pwani wachukue pakacha la taka, na warudi nalo nyumbani, maji wayabebe katika chombo cha kutumika tena, na kila waondokapo waokote japo vitu vitatu ambavyo si wao waliovitupa. Lakini kabla ya hayo yote, mzazi na aanze na mkono wake mwenyewe, maana mtoto husikia kidogo na huona sana.

Tuliporejea Wesha, mwanangu alikuwa amelipakata pakacha mapajani asiliache. Katikati ya safari nilimwona akichungulia majini, nikamwuliza atafuta nini. Akasema, “Karatasi yangu.” Hatukuiona. Chupa yangu niliilipa. Karatasi ya mwanangu ni deni langu lililobaki, maana mimi ndiye niliyemfundisha kuitupa.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyaharibu, na atujaalie kuwa walezi wema wa watoto wetu na wa amana Yake. Amin.