Nilivyoiosha Motokaa ya Baba

Wazee wetu walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Methali hiyo niliiandika kwa hati nzuri katika daftari langu nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya misheni, wala sikujua kwamba nitakuja kuielewa siku nitakapokuwa nimeinama juu ya injini iliyolowa maji. Wasomaji wenzangu, nawasimulia kisa hiki, si kwa kuwa kinaniletea sifa, bali kwa kuwa huenda kikamwepusha mwingine na aibu iliyonipata.

Mimi ni karani wa serikali mjini Nyeri. Baba yangu ni mwalimu aliyestaafu, naye ana Peugeot 504, motokaa ya namna iliyotokea mara ya kwanza mwaka 1968, na ambayo mwaka 1975 ilishinda mashindano ya Safari katika nchi yetu. Mwaka 2019 macho ya Baba yalipofifia, alinikabidhi ufunguo akasema, "Mwanangu, tangu leo wewe ndiwe utakayenipeleka." Safari zenyewe zilikuwa za hospitali, kila Jumatatu na Alhamisi, maana mafigo yake yalikuwa yamedhoofika, na hapana budi damu yake isafishwe kwa mashine. Siku hizo haziahirishwi kama safari ya sokoni.

Jumapili moja, baada ya kurudi kutoka kanisani, nilifungua boneti nikaona haya. Injini ilikuwa nyeusi kwa oili na vumbi la miaka mingi. Nikajiambia kwamba haifai karani mwenye tai shingoni kuendesha motokaa ya namna hiyo. Basi, injini ingali na moto wa safari, niliimwagia mafuta ya taa, nikasugua kwa brashi, kisha nikaazima kwa jirani pampu ya maji yenye nguvu, nikapiga kila pembe. Ilipong'aa niliwaita watoto waje kuitazama.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, Baba akiwa ameketi ndani na blanketi magotini, nilizungusha ufunguo. Injini ilizunguka, lakini haikuwaka. Nilijaribu hata betri ikaanza kuchoka. Mwisho nilimshika Baba mkono, tukatembea katika baridi mpaka barabarani, tukapanda matatu, naye akikohoa njia nzima. Tulichelewa, na ni kwa huruma ya wauguzi tu kwamba alipata nafasi.

Jioni nilimwita fundi mmoja mzee wa mtaani. Alizichomoa waya za plagi, akamulika tochi. "Tazama, bwana karani," akasema, "kisima hiki." Plagi za injini ile zimekaa chini ya mashimo marefu, nayo yalikuwa yamejaa maji. Akanieleza kwamba koili huuinua umeme wa betri wa volti 12 hata ukawa volti elfu nyingi, ili cheche iruke katika plagi. Lakini maji machafu yakiwapo juu ya plagi au ndani ya kifuniko cha distributa, umeme hupata njia nyepesi ya kukimbilia kwenye chuma, na cheche haipatikani.

Kisha alinikaripia kwa neno lililo kubwa zaidi. Mvuke wa mafuta ya taa huweza kushika moto mafuta yale yakifika joto la nyuzi 38 hivi, na injini iliyotoka safarini hupita nyuzi 80. Petroli ni hatari zaidi, kwani mvuke wake huwaka hata penye baridi ya barafu. Tena mafuta hayo huharibu mipira, na chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi ghafula huweza kupasuka. "Ungaliweza kuiteketeza nyumba," akasema.

Tangu siku hiyo naiosha hivi. Kwanza naingoja ipoe kabisa. Nafungua waya wa betri, ule wa hasi kwanza. Nafunika kwa plastiki na kufunga kwa kamba distributa, koili, alteneta na mdomo wa hewa wa kabureta, na kuhakikisha kwamba vifuniko vya oili vimekazwa. Majani makavu nayatoa kwa mkono, na grisi nzito naikwangua kwa kijiti na kuifuta kwa matambara. Ndipo napaka sabuni ya kuondoa grisi iliyochanganywa na maji, nikaiacha dakika chache bila kuiacha ikauke, nikasugua kwa brashi, na kusuuza kwa maji machache yasiyo na nguvu. Mwisho nafuta, naacha boneti wazi juani, natazama mashimo ya plagi, narudisha waya wa hasi, na kuiwasha siku ile ile ningali na nafasi ya kurekebisha. Motokaa za siku hizi zenye kompyuta na plagi nyingi za waya zataka uangalifu zaidi; hizo afadhali zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Matambara yale siyatupi ovyo, wala siendi kuoshea mtoni, kwa sababu oili huyaharibu maji wanayokunywa wenzetu walio chini, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yakataza kuchafua maji.

Sisemi kwamba kuosha injini ni upuuzi. Injini safi huonyesha mahali oili inapovuja, na grisi iliyorundikana huweza kushika moto. Lakini mimi sikuwa nikitafuta mahali pa kuvuja.

Usiku ule nilikwenda kumwomba Baba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mimi sioni. Uliing'arisha kwa ajili ya nani?" Sikuwa na jibu. Alhamisi iliyofuata injini iliwaka mara moja, naye akainamisha kichwa akaisikiliza, akatabasamu, akasema, "Sasa twende."