Managu ya Mama na Msitu wa Serikali

Umewahi kumwona mamako mzazi akihojiwa kama mwizi? Mimi nimemwona, na kosa lake lilikuwa fungu la managu.

Mama alikuwa amekuja Nairobi kutoka mashambani kuwaona wajukuu. Asubuhi moja alijitwika kiondo akapenya katika msitu wa serikali ulio nyuma ya mtaa wetu. Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye gogo, askari amesimama kando yake akishika kile kiondo.

"Shosho, hapa si shambani kwako," alimwambia.

"Mwanangu, managu haya alipanda nani?" Mama akamwuliza kwa upole.

Nilimsihi askari, akamwachilia. Mboga zilibaki chini. Jioni hiyo mama hakugusa chakula.

Nami kwa hasira nikaitafuta sheria. Msomaji, usije ukanaswa kama sisi! Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2016 inakataza mtu kutoa mazao katika msitu wa umma bila kibali. Mazao hayo si mbao na kuni pekee, bali pia matunda, majani, asali, hata mawe. Lakini sheria iyo hiyo imeacha mlango. Wakazi wakiunda chama cha jamii cha misitu, kikasajiliwa na kutia saini mkataba, wanaweza kuruhusiwa kuokota kuni, kurina asali na kuchuma dawa za miti shamba.

Kusema kweli, askari alikuwa na haki yake. Utazame mti wa muiri. Gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume, na watu waliubambua mno hata biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti mwaka wa 1995. Kila mmoja alichukua chake tu, lakini walikuwa wengi.

Hata hivyo, kukataza si dawa ya pekee. Huko Seattle, Marekani, wakazi walianza mwaka wa 2012 kupanda msitu wa chakula katika ardhi ya umma, Beacon Food Forest. Mpita njia yeyote anaweza kuchuma. Je, sisi tunaopanda miti ya kivuli na maua kando ya barabara na shuleni, tungepoteza nini tukichanganya mapera na mizambarau, kisha tukaelewana nani atachuma, lini na kiasi gani?

Nilipomweleza mama habari ya chama na kibali, alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mimi sikutaka vya serikali. Angenionyesha tu mlango ulipo."

Kabla ya kurudi mashambani alijaza udongo katika magunia mawili nyuma ya jikoni, akapanda managu. Yameota. Nami Jumamosi ijayo nitaenda kuwauliza majirani kama mtaa wetu una chama. Wewe je, umewahi kuuliza kwenu?