"Nitakuweka Ndani"

Huku Sumbawanga mume na mke wakigombana, neno linalotisha kuliko "nakuacha" ni "nitakuweka ndani." Hulisikia zaidi baada ya mavuno, maana ndipo nyumba inapokuwa na kitu cha kugombania.

Mwaka juzi dada yangu alirudi kwetu na watoto wawili na magunia sita ya mahindi aliyoyalima kwa mikono yake. Shemeji akapiga simu: kesho polisi, kesi ya wizi. Dada akaniuliza, hivi hakuna mahakama ya kuwazuia wasinikamate?

Kenya lipo jambo hilo. Mtu akionyesha kuwa anaandamwa isivyo haki, Mahakama Kuu inaweza kumpa dhamana kabla hajakamatwa. Kwetu dhamana humngoja aliyekwisha kukamatwa.

Ila hakuwa bila ngao. Kanuni ya Adhabu inasema aliyechukua mali akiamini kwa dhati ana haki nayo, bila nia ya kulaghai, hana kosa la jinai. Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Kama kupika ni mchango, sembuse kulima?

Kwa hiyo asubuhi tulitangulia baraza la usuluhishi wa ndoa, lile ambalo Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka lipitiwe, kwa kawaida, kabla ya kuomba talaka. Nikamwambia pia: wakikushika, una haki ya kumjulisha ndugu, kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 usipopewa dhamana, na dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi.

Kituoni askari akasoma barua ya baraza, akamwambia shemeji, "Haya ni mambo ya ndoa, mkamalizane huko." Tulishusha pumzi.

Lakini sentensi hiyohiyo nimeisikia akiambiwa jirani yetu aliyefika kituoni jicho limevimba. Hapo ndipo inapogeuka dhuluma. Mahindi yanaweza kungoja baraza, mwili hauwezi. Sheria hiyohiyo ya 1971 inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Kipigo ni jinai, hata kama aliyepiga alitoa mahari.