Bustani ya Ghorofa ya Tatu

Mke wa sajini mmoja wa polisi alipohamia Kampala, hakusumbuliwa na ngazi wala kelele za magari. Alisumbuliwa na mboga. Huko Soroti walikaa miaka sita katika kile kibanda cha mabati cha mviringo ambacho askari wa Uganda hukiita kwa mzaha "mama ingia pole". Kibanda kilikuwa kidogo, lakini nyuma yake palikuwa na kipande cha ardhi, na haikupita jioni hata moja aliyotoa senti kununua mchicha. Sasa alikuwa ghorofa ya tatu, na watoto watano, na kila jioni ilimpasa kumwomba mumewe fedha ya mboga. Mwanamke aliyezoea kulisha nyumba kwa jembe lake huona uzito kunyoosha mkono, ijapokuwa ni kwa mume wake mwenyewe.

Ndipo alipoitazama roshani. Ilikuwa na urefu wa hatua nne na upana wa mbili, na haikuwa na kitu ila kamba ya nguo na viatu vya mvua. Mumewe alipoambiwa alicheka, akauliza, "Mama, utalima juu ya saruji?"

Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba alishuka hadi soko la Nakasero, chini ya kilima cha jina hilo. Kwa wauza maua alimkuta kijana mwenye miche ya nyanya mirefu, iliyokwisha kutoa maua. Ni nani asiyevutwa na mche wenye maua? Alinunua sita. Alipokuwa akiondoka, bibi mmoja aliyeuza miche kando ya kijana yule alimwuliza, "Mwanangu, nyumba yako hutazama wapi?" Alidhani ni maneno ya biashara, akapita.

Udongo aliutafuta kwa taabu. Debe la lita ishirini likijazwa udongo uliolowa hupita kilo 30, na kulipandisha ngazi za ghorofa tatu si mchezo. Basi alitumia mikebe mitupu ya rangi, akaitoboa matundu chini, akachanganya udongo na samadi na maganda ya kahawa, akapanda.

Nyanya zilirefuka, zikapauka, na maua yakaanguka. Lakini kabla ya hapo lilitokea jambo baya zaidi. Asubuhi moja maji ya mikebe yalichuruzika hadi ghorofa ya pili, yakaangukia gwanda la konstebo lililopigwa pasi na kuanikwa tayari kwa gwaride. Mke wa konstebo alipanda ngazi na gwanda mkononi, likiwa na michirizi ya samadi. Alisema neno moja tu: "Dada, tazama." Majuma mawili hawakusalimiana, na watoto wao waliacha kucheza pamoja. Anayejua maisha ya kambi anajua kwamba kimya cha majirani wa ngazi moja ni kizito kuliko matusi.

Alimrudia bibi wa Nakasero. Safari hii alijibu swali: nyumba yake hutazama kaskazini. Bibi akatikisa kichwa. Kampala iko karibu kabisa na Ikweta, na jua huko halina upande mmoja. Tangu mwisho wa Machi hadi Septemba hupita kaskazini; miezi iliyobaki hupita kusini, na roshani ile hubaki kivulini. Nyanya zingengoja hadi Machi. Kwa wakati ule bibi alimpa sukuma wiki, vitunguu vya majani na mnanaa, ambavyo huvumilia kivuli kuliko mmea wa kuzaa matunda. Akamfundisha pia kugeuza kifuko cha mche: mizizi ikiwa imetoka na kujizungusha, mche umekawia mno dukani. Heri ule mfupi wenye shina nene, usio na inzi weupe chini ya majani.

Njiani alinunua sinia kuukuu za kuweka chini ya mikebe. Kisha akagonga mlango wa ghorofa ya pili, akaliomba gwanda, akalifua na kulipiga pasi kwa mkono wake. Tangu siku hiyo alimwagilia alfajiri, kwa kikombe, kidogo kidogo.

Katika Januari alivuna majani ya kwanza. Fungu moja aliliteremsha ghorofa ya pili. Mke wa konstebo alilipokea, akamkaribisha ndani, wakanywa chai. Jioni sajini aliporudi, alitia mkono mfukoni kama kawaida yake, akatoa fedha ya mboga. Mkewe alikuwa akikatakata sukuma wiki. Bila kuinua kichwa akamwambia, "Baba, hiyo kanunue mafuta ya kupikia."