Sikio Halioti Tena

Bunduki ya marisau ikifyatuliwa, mlio wake kwenye sikio la mpigaji huvuka desibeli 150. Mazungumzo ya kawaida sebuleni ni kama 60. Tena desibeli hazipimwi kama kilo za sukari dukani: kila zikiongezeka 10, nguvu ya sauti huwa imezidi mara kumi. Wataalamu wa usalama kazini wameweka 140 kuwa kikomo cha mlio wa ghafla kwa mtu mzima, na bastola nyingi, pamoja na bunduki karibu zote kubwa, hukipita kikomo hicho kwa risasi moja tu.

Haya nayajua kwa sababu ya kazi. Kampuni ninayofanyia ni ya ulinzi, na walinzi wetu wenye silaha hupelekwa renji kulenga shabaha. Kuwachagulia kinga ya masikio ni jukumu langu, nami naliona zito kuliko hata lile la hesabu za risasi. Risasi ikipotea, kuna daftari la kuitafutia. Usikivu ukipotea, hakuna pa kuutafuta.

Mjomba wangu alikuwa askari ujana wake wote. Enzi zake kinga ilikuwa pamba, na wengine walisukuma maganda matupu ya risasi masikioni. Sikio lake la kushoto ndilo lililoumia zaidi, na sababu yake inaeleweka. Anayelenga kwa mkono wa kulia hulaza shavu la kulia kwenye kitako cha bunduki; kichwa chenyewe hulikinga kidogo sikio la kulia, huku la kushoto likiuelekea mdomo wa bunduki.

Si kwamba mjomba hasikii kabisa. Sauti anaisikia, maneno ndiyo yanayompita. Mlio wa bunduki huanza kuharibu uwezo wa kusikia sauti nyembamba, zile za hezi 4,000 hivi, na konsonanti kama s, f na sh huzitegemea sana sauti za aina hiyo. Mkewe akisema "funga dirisha", yeye huuliza dirisha limefanyaje. Jioni moja mjukuu wake alikuja kumwamkia akitokea upande wa kushoto. "Shikamoo, babu." Kimya. Akarudia kwa sauti ya chini zaidi, maana mtoto aliyenyimwa marahaba huanza kujiuliza amekosa nini. Kisha akarudi jikoni. "Bibi, babu kanuna." Babu mwenyewe alikuwa ameketi anatazama barabara, hana habari kwamba amesalimiwa.

Mtaani wanasema mzee yule ana majivuno tangu astaafu. Kwetu asiyeitikia salamu huhesabiwa mwenye kiburi, na ni wachache wanaofikiria sikio. Naye, kwa kuchoka kuuliza "umesemaje?", amepunguza kwenda barazani, na msibani hukaa pembeni peke yake. Hilo ndilo linaloniuma. Ninaponunua vizibo sinunui kinga ya siku ya renji peke yake. Namnunulia mlinzi salamu za wajukuu wake miaka thelathini ijayo.

Ndani kabisa ya kila sikio mna seli kama 15,000 zenye vinyweleo, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa neva. Mlio mkali huzivunja na kuziua. Kuku seli hizo zikifa, nyingine humwota. Watafiti walilibaini hilo katika miaka ya 1980. Binadamu hazimwoti tena. Na kwa kuwa huisha kidogo kidogo, mtu hajui anachopoteza. Hutoka renji masikio yameziba na yanalia, akalala, akaamka yamefunguka, akasema yamepona. Mara nyingi kuna kilichobaki humo kimeharibika.

Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani, alibuni mjini London mwaka 1884 bunduki ya rashasha inayojilisha risasi yenyewe. Silaha za namna hiyo ndizo zilizowaua wapiganaji wa Maji Maji walipolishambulia boma la Mahenge mwezi Agosti 1905. Maxim mwenyewe alizeeka kiziwi kwa sababu ya miaka mingi ya kusimama karibu na bunduki zake. Mwanawe, Hiram Percy, ndiye aliyepata hataza ya kizuia mlio mwaka 1909. Hata mbunifu wa silaha, basi, sikio lake halikumjua.

Sasa, kuchagua. Kwenye pakiti kuna namba. Zenye vipimo vya Kimarekani huandikwa NRR, za Ulaya SNR, na muuzaji hukuonyesha kubwa kuliko zote: 33 kwa vizibo vya sponji. Namba hiyo ilipatikana maabara, kwa watu waliovalishwa vizuri. Kanuni mojawapo ya wasimamizi wa usalama kazini wa Marekani ni kutoa 7 kisha kugawa kwa mbili, kwa hiyo 33 inabaki 13. Na ukivaa vizibo ndani, ukafunika juu kwa vile vikubwa vya mtindo wa hedifoni, namba hazijumlishwi. Kwa kawaida unaongeza kama desibeli 5 tu juu ya ile kubwa. Hizo 5 ni za thamani, na kwenye renji ya ndani, ambako kuta hurudisha mlio, sikubali mtu avae kimoja.

Lakini namba siyo inayonishughulisha zaidi. Kinachonishughulisha ni uvaaji. Kizibo cha sponji kinataka kuviringishwa kwa vidole safi hadi kiwe chembamba bila kikunjo. Kisha unapitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, unalivuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, unakiingiza na kukishikilia nusu dakika kinapotanuka. Ukikiona kinachungulia nje, hakijaingia. Vile vikubwa navyo vinataka kugusana na ngozi pande zote. Mkono wa miwani ukipita chini ya mto unaozunguka sikio, pamefunguka mlango. Mlinzi wetu mmoja mwanamke huvaa mtandio, na alikuwa anavivalia juu ya kitambaa. Nilimwambia, "Dada, hapo sauti inaingia yote." Akajibu kwa upole, "Kuvua siwezi, bosi." Wala hakuhitaji kuvua. Alikwenda pembeni na mwenzake wa kike, akavaa vizibo vya sponji kwanza, akapitisha mito chini ya mtandio, akarudi amesitirika na masikio yamezibwa.

Kuna vya kielektroniki pia, vyenye maikrofoni ndogo: hupitisha maneno ya mwalimu, na mlio mkali ukija hukata. Ni ghali, lakini kama fedha zinatosha ninavipendelea, hasa kwa wanaojifunza. Amri ya kusimamisha kufyatua lazima isikike, na mtu asiyesikia amri hulegeza kizibo ili asikie. Hapo ndipo jirani yake anapofyatua.

Jeshi la Marekani liliwahi kuwapa askari wake vizibo vya kampuni ya 3M ambavyo walalamikaji walisema vilikuwa vifupi mno kukaa vizuri sikioni, vikalegea bila mvaaji kujua. Kesi zikafika mamia ya maelfu, na mwaka 2023 kampuni ilikubali kulipa takriban dola bilioni 6, bila kukiri kosa. Hilo ndilo ninalowaeleza wote wanaonionyesha namba ya pakiti.

Wazee wa kazi, wale wa miaka mingi lindoni, huniambia, "Sisi tumeshazoea." Nawaheshimu, ila hili silikubali. Sikio halizoei mlio wa bunduki. Ukiona haukusumbui tena kama zamani, yawezekana sehemu iliyokuwa ikisumbuliwa imekufa. Ujasiri wa mlinzi uko kwenye kusimama getini saa nane usiku peke yake, na huo wanao tele. Kuacha sikio wazi hakuongezi chochote juu yake.

Nawaomba wenzangu wa kampuni za ulinzi, wakufunzi wa shabaha na wamiliki wa silaha binafsi: mtu apimwe usikivu hospitali kabla hajaanza renji, na apimwe tena baadaye, ili mabadiliko yaonekane mapema. Jozi moja ya vizibo vya sponji ni rahisi kuliko risasi moja ya marisau. Vinunuliwe kwa bajeti ile ile ya risasi, mwalimu akague sikio kwa sikio kabla ya amri ya kwanza, na asiyevaa asikabidhiwe silaha.