Pande, Kilwa: Chakula, dawa na hatari nyuma ya nyumba

Ukitoka Dar es Salaam kwenda kusini unavuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na baada ya hapo minazi na mikorosho ndiyo inayokusindikiza. Wageni wengi huishia Kilwa Masoko. Hapo hupanda boti kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo Unesco iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mimi kazi ilinipeleka mbele zaidi, hadi Pande, kuandika habari za kliniki ya watoto.

Kliniki ni shughuli ya asubuhi. Jioni nilikuwa huru, nikawa natembea mtaa hadi mtaa nikiangalia watu wamepanda nini. Bustani za Pande hazina majani ya kukata wala vyungu vya maua vilivyopangwa mstari. Mpapai umeota karibu na bafu ya nje, unakopata maji ya kuogea. Matembele yametambaa kando ya mtungi. Mrehani uko mlangoni kwa ajili ya harufu yake, na mwarobaini uko katikati ya uwanja kwa ajili ya kivuli.

Kwenye nyumba moja nilimkuta bibi ameketi kwenye mkeka akichambua majani ya mlonge.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu. Mjini haya mnayanunua ya unga, eti?"

Nikamjibu ni kweli, tena kwa bei kubwa. Akacheka, akaendelea na kazi yake.

Kicheko chake kilinifikirisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na zaidi ya nusu ya watoto wa miezi sita hadi miaka mitano wana upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, zikiwamo malaria, minyoo na umaskini. Lakini ipo pia ya sahani: mtoto anapewa uji mtupu asubuhi na ugali na mchuzi jioni, huku mchicha na papai vikiwa hatua kumi kutoka jikoni.

Mboga za majani zenye kijani kilichokolea na papai lililoiva vina vitamini A. Vitamini hiyo huingia mwilini vizuri zaidi ikiwa chakula kina mafuta kidogo, kwa hiyo mpishi wa pwani anayeunga mchicha kwa tui la nazi anafanya jambo la maana. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani nayo husaidiwa na ndimu, lakini chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuanza kula mboga hizo zikiwa zimepondwa vizuri, huku akiendelea kunyonya. Kisamvu kitwangwe kwanza, kisha kichemshwe hadi kiive kabisa, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Mwarobaini nao una hadithi yake. Jina linasema unatibu maradhi arobaini, na karibu kila mama niliyezungumza naye alisema mtoto akipata homa, majani yake ndiyo ya kwanza kuchemshwa. Mama mmoja mwenye mtoto wa mwaka mmoja aliniambia, "Akinywa siku mbili asipopoa, ndiyo twende zahanati."

Hizo siku mbili ndizo zinazonitia wasiwasi. Malaria kwa mtoto mdogo inaweza kuwa kali ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu, na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Mafuta ya mwarobaini ni hatari zaidi, kwani yamewahi kuwasababishia watoto wachanga degedege na hata kifo. Mtoto asinyweshwe kabisa.

Hilo halimaanishi kwamba miti haina dawa. Kiungo kikuu cha dawa mseto ya malaria kilitolewa kwenye mmea wa Artemisia annua, na ugunduzi huo ulimpa mwanasayansi wa China, Tu Youyou, Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tofauti ni kwamba kidonge kina kipimo kinachojulikana kulingana na uzito wa mtoto. Sufuria ya majani haina.

Kuna mmea mwingine ambao wenyeji hawauoni tena kwa kuuzoea, nao ni mbono kaburi. Hupandwa kuwa ua wa nyumba kwa sababu mbuzi hawauli. Mbegu zake zina ladha kama ya karanga, ndiyo maana watoto huzila wakicheza, kisha hutapika na kuharisha sana. Ikitokea, usimlazimishe mtoto kutapika. Chukua mbegu au tawi, mpeleke kituo cha afya haraka, uonyeshe alichokula.

Na msimu wa korosho, watoto wasiachwe kuchoma au kubangua peke yao. Maganda yana mafuta yanayounguza ngozi, na moshi wake huumiza macho.

Tangu nirudi Dar es Salaam nimeiona mibono kaburi Mbagala, nimeona mwarobaini nje ya kituo cha daladala, na matembele yameota kwenye ndoo iliyopasuka kwenye nyumba ya kupanga. Mzazi unayesoma haya, jioni ya leo zunguka nyumba yako pamoja na watoto. Waulize majina ya mimea wanayoijua, kisha waambie upi unaliwa, upi hauguswi, na upi hausubiriwi kutibu homa. Kama mko mjini na hamna hata kipande cha ardhi, ndoo moja yenye udongo inatosha kupanda matembele.