Kumsusia Mtu kwa Neno la Kuambiwa

Imeenea katika zama zetu tabia ambayo vijana waijua kuliko sisi wazee. Mtu husema neno, au huambiwa kuwa amelisema. Neno lile hupitishwa katika simu mkono kwa mkono. Na kabla jua halijachwa hukumu imekwisha pita: asisikilizwe tena, na amteteaye ni kama yeye. Wako wadhanio kuwa jambo hili ni geni. Mimi naliona ni kongwe, ila sasa limepata mbio.

Tuutazame mji wa Nishapur katika nchi ya Khurasan, mwaka 250 Hijriya (864). Imam Bukhari alipofika alipokewa kwa heshima kubwa, na Sheikh Muhammad bin Yahya Dhuhli, mkuu wa wanavyuoni wa Hadithi wa mji ule, aliwahimiza watu wakamsikilize. Haukupita muda akaulizwa mbele ya watu: je, matamshi yetu tusomapo Qurani yameumbwa? Imepokewa kuwa alijizuia kujibu, na aliposhikiliwa akasema ya kwamba Qurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu nayo hayakuumbwa, bali vitendo vya waja ndivyo vilivyoumbwa. Baraza ikavurugika, kila mtu akatoka na lake. Sheikh Dhuhli akafikiwa na khabari kuwa Bukhari amesema matamshi yake ya Qurani yameumbwa. Bukhari alikana kusema hivyo. Juu ya hayo Sheikh akatangaza: aendaye kwa Bukhari asije kwetu. Watu wengi wakamhama. Imam Muslim aliinuka, akamrudishia Sheikh yote aliyoyaandika kwake. Bukhari akatoka Nishapur. Huko kwao Bukhara nako amiri akamtoa. Na mwaka 256 (870) akafariki katika kijiji cha Khartank, karibu na Samarkand.

Tusimdhanie Sheikh ubaya. Tangu mwaka 218 (833) Khalifa Maamun alianza kuwatesa wanavyuoni wakiri kuwa Qurani imeumbwa, na Imam Ahmad bin Hanbal akaja akapigwa mijeledi. Kidonda kilikuwa kibichi bado. Lakini hapo ndipo penye mazingatio: waliofungwa vinywa jana ndio waliomfunga mwenzao kinywa leo.

Msomaji ataniuliza: je, katika dini yetu hakuna kumsusia mkosa? Kupo. Kaab bin Malik na wenzake wawili walisusiwa siku 50 kwa kubaki nyuma ya safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijriya. Lakini Kaab alisikilizwa na Mtume (S.A.W.) kwanza, akakiri kwa ulimi wake, na toba yake ilipokubaliwa watu walimkimbilia kumpa bishara, na Talha akainuka kumpa mkono. Kosa lilithibiti, na mlango wa kurudi ulikuwapo. Sisi twafunga mlango, na ufunguo twautupa baharini.

Mtaani kwetu yuko mwalimu wa chuo cha Qurani ambaye darsa yake ya saa nzima ilikatwa kipande cha nusu dakika kikatawanywa. Wazazi wakawaondoa watoto wao. Niliwauliza wanne: ni nani aliyeisikiliza darsa yote? Hakuna. Mwalimu mwenyewe ameulizwa? Hakuulizwa. Wanangu wangali wakienda kwake, ingawa nimeonywa kuwa nitahisabiwa pamoja naye. Akikosea, nitamwambia uso kwa uso, naye ana haki ya kunijibu. Aya ya 6 ya Sura ya Hujurat imekwisha tuamrisha kuchunguza khabari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta.

Na enyi vijana, khasa nyinyi, angalieni Bukhari alivyomlipa Sheikh wake. Ndani ya Sahihi yake zimo Hadithi alizozipokea kwa Dhuhli, ingawa jina lake hakulitaja kwa ukamilifu. Walikhitilafiana, lakini ukweli aliousikia kwake hakuutupa. Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu kama huo, khasa tunapokasirika.